Sura ya Tano: Hasara na Fidia kwa Neno Moja

Katika Kiingereza cha mahakamani, “damage” ni hasara na “damages” ni fidia. Bomu likiangukia paa la nyumba, mwenye nyumba amepata “damage”. Akifungua kesi na kushinda, atalipwa “damages”. Aliyezoea kwamba herufi s mwishoni mwa neno la Kiingereza ni alama ya wingi tu atasoma “damages” na kudhani ni hasara nyingi. Hapo sentensi nzima inamgeukia. Mahali anapoahidiwa pesa, yeye anaona anakumbushwa msiba.

Kisangani ni mji ambao tofauti hiyo ina bei. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyoingia Kongo kama washirika, yaligeukiana na kupigana kwa makombora katikati ya mji ambao haukuwa wa yeyote kati yao. Wenyeji wanaviita Vita vya Siku Sita. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba raia zaidi ya 760 waliuawa na wapatao 1,700 walijeruhiwa. Kongo ilikuwa imeishtaki Uganda mwaka mmoja kabla, Juni 1999, mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague. Hukumu ya kwanza ilitoka tarehe 19 Desemba 2005, ya pili tarehe 9 Februari 2022. Hii ya pili ndiyo iliyotaja kiasi: dola milioni 325 za Marekani, yaani milioni 225 kwa madhara yaliyowapata watu, milioni 40 kwa mali na milioni 60 kwa maliasili, zilipwe kwa awamu tano za milioni 65 kila mwaka. Mfuko wa serikali uliopewa kazi ya kuwagawia waathirika fedha hizo, FRIVAO, una makao yake makuu Kisangani.

Mahakama ile ina lugha rasmi mbili, Kifaransa na Kiingereza, na mkataba unaoiongoza unasema katika kifungu cha 39 kwamba hukumu ikitolewa kwa lugha zote mbili, mahakama yenyewe itaamua ni maandishi yapi yenye nguvu. Hukumu huchapishwa kurasa zikitazamana, lugha moja huku na nyingine kule. Kwa mkazi wa Kisangani aliyesoma shule kwa Kifaransa na kujifunza Kiingereza sekondari, hakuna kitabu cha mazoezi kizuri kama hicho, wala chenye mitego mingi kama hicho. Maneno yanatazamana yakiwa na sura moja, na mara nyingi hayasemi jambo moja.

Tuanze na “réparation”. Neno hili halihitaji kutafsiriwa Kisangani. Limepakwa rangi kwenye mbao za mafundi wa pikipiki, wa simu na wa redio. Na neno hilohilo ndilo linalotumiwa katika kesi ya The Hague kwa maana ya kumlipa aliyedhulumiwa. Kifaransa hakioni tabu kumweka fundi na jaji chini ya paa moja. Kiingereza kiliwatenganisha: “repair” ni ya gereji, “reparation” ni ya mahakama na mikataba ya amani, kama ile ya Versailles ya 1919 iliyoibebesha Ujerumani malipo ya vita. Mtu akiandika kwamba amepeleka simu yake kwa ajili ya “reparation”, Mwingereza ataelewa, ila atatabasamu, maana simu hiyo inaonekana ilidhulumiwa na dola fulani. Ipo pia “repair” nyingine, ya vitabu vya zamani, yenye maana ya kwenda mahali. Hiyo haihusiani kabisa na hizo mbili. Imetoka katika neno la Kilatini la kurudi nyumbani, na ndugu yake wa kweli ni “repatriate”, kumrudisha mtu kwao. Sura zimefanana kwa bahati tu.

Mzizi wa “damage” nao ni wa Kilatini, “damnum”, yaani hasara au faini. Umezaa “dommage” ya Kifaransa, umezaa “condemn”, kumtia mtu hatiani, na “indemnity”, ambayo kwa asili ni kumfanya mtu asiwe na hasara. Mfaransa aliyeachwa na basi atasema “dommage!” kama Mswahili asemavyo “bahati mbaya”. Mwingereza hasemi “damage!” hata basi likimwacha mara tatu. Na kile anachokiita “damages”, wanasheria wa Kifaransa wanakiita “dommages-intérêts”, hasara pamoja na riba yake ukilitafsiri kwa ugumu, jina linaloonyesha kwamba wao nao waliona hasara peke yake haitoshi kutaja malipo.

Kuna maneno mengine matatu yanayosumbua zaidi. Mwaka 2001 Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa ilikamilisha vifungu vyake kuhusu wajibu wa dola zinapotenda kosa. Kifungu cha 31 kinaitaka dola ilipe kikamilifu, kwa Kiingereza, “injury” iliyosababisha, na kwa Kifaransa, “préjudice” iliyosababisha. Sasa “injury” katika Kiingereza cha kawaida ni jeraha. Neno la Kifaransa linalofanana nalo, “injure”, ni tusi. Na “prejudice” ya Kiingereza ni chuki ya kumhukumu mtu kabla ya kumjua. Maneno matatu, mizizi miwili ya Kilatini inayokutana kwenye neno “jus”, haki, na mtu mwenye haraka anaweza kutoka hapo akiamini kwamba Uganda ilidaiwa kwa kuwatukana watu wa Kisangani, au kwa kuwachukia. Katika mahakama maana ni moja: madhara aliyofanyiwa mtu kinyume cha sheria. Kiswahili kinasema “madhara” na kuendelea na safari.

Hapo ndipo ulipo msaada ambao wanafunzi wengi wa Kisangani wanao mdomoni bila kuutumia. Kwa mazoea, anayejifunza Kiingereza Kongo hukipitishia kwenye Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha ya daftari na ubao. Lakini Kifaransa ndicho kinachomdanganya, kwa sababu kinafanana. Kiswahili hakifanani na Kiingereza hata kidogo katika maneno haya, kwa hiyo hakimdanganyi. Hasara na fidia hazina hata silabi moja ya kuchanganya. Mtu akiuliza kwanza, “Hapa kwa Kiswahili ningesema nini?”, maneno mengi yaliyokuwa mapacha yanaachana mara moja.

Si kwamba Kiswahili hakina maneno ya mzizi mmoja. Kinayo tele. Hukumu, hakimu, mahakama na hekima yote yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, na hakuna mtu anayechanganya hekima na hukumu, ingawa wapo wanaotamani mahakimu fulani wangezichanganya mara moja moja. Mlalamikaji na mlalamishi wametoka kwenye kitenzi kimoja. Wa kwanza amefungua kesi, wa pili haridhiki na chochote. Kiingereza kina jozi inayokaribiana na hiyo: “plaintiff” ni mlalamikaji wa mahakamani, na “plaintive” ni sauti ya huzuni, ya kilio. Zamani lilikuwa neno moja la Kifaransa. Mzawa wa lugha hachanganyi kwa kuwa hakujifunza neno peke yake. Alilisikia likiwa na wenzake. Mgeni hukutana nalo kwenye orodha, limesimama uchi, na hapo kila linalofanana nalo ni lilelile.

Chanzo cha vurugu hii yote ni mwaka 1066, William wa Normandy alipovuka bahari na kuitwaa Uingereza. Kwa karne kadhaa baada yake wakubwa walizungumza Kifaransa na wadogo walizungumza Kiingereza, na maneno ya utawala, sheria, mapishi na mavazi yakashuka kutoka juu. Hata mwaka 1362, Bunge lilipoamuru kesi zisikilizwe kwa Kiingereza kwa kuwa watu hawakuelewa lugha iliyotumika mahakamani, sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Yaliyofuata ni ya kawaida kwa ndugu waliotenganishwa na bahari: neno lililobaki Ufaransa likakua kivyake, lililohamia likakua kivyake. Mengine yalihamia mara mbili, kwa karne tofauti, na kila mara yakapewa kazi mpya. Hivyo Kiingereza kikapata “chief” kwanza na “chef” baadaye sana, mkuu wa watu na mkuu wa jiko, wakati kwa Mkongo “chef” bado ni yeyote mwenye kiti.

Kiswahili kimeokota baadhi ya masalia haya bila kujua. Hoteli na hospitali ni watoto wa neno moja la Kilatini lililomaanisha mahali pa kupokea wageni. Anayesoma Kifaransa anaweza kuuona undugu huo kwenye kofia ndogo inayowekwa juu ya herufi: “hôpital” na “hôtel” zote zinaivaa, nayo ni alama ya s iliyokuwapo zamani ikafa. Ukiirudisha s, Kiingereza kinajitokeza. “Forêt” inakuwa “forest”, “côte” inakuwa “coast”, “tempête” inakuwa “tempest”, “bête” inakuwa “beast”. Ni ufunguo mzuri, na walimu wangeutumia zaidi. Lakini usitegemewe kupita kiasi: “fête” ikirudishiwa s inakuwa “feast”, na hapo tayari kuna pengo, kwa sababu sherehe ya Kifaransa inaweza kuwa na muziki tu, ilhali “feast” bila chakula ni uongo.

Jaribio la Kiswahili linafanya kazi vizuri zaidi pale hatari ilipo kubwa. Chukua kitenzi “assister”. Mtu aliyeshuhudia makombora ya Juni 2000 atasema kwa Kifaransa safi kabisa kwamba “il a assisté au bombardement”, alikuwapo, aliona kwa macho yake. Sentensi hiyo ikigeuzwa neno kwa neno na mkalimani mchovu, shahidi anakuwa amesaidia kupiga mabomu, maana “assist” ni kusaidia. Kilatini chake kilimaanisha kusimama kando ya mtu. Kifaransa kilibaki na kusimama, Kiingereza kikachukua msaada. Kushuhudia na kusaidia kwa Kiswahili ni vitu viwili vilivyo mbali, na yeyote atakayejiuliza kwa Kiswahili hatakosea.

“Contrôle” ni mfano mwingine wa mitaani. Kila aliyesafiri kwa barabara Kongo anajua bariere: kamba au mti umelazwa, askari anataka karatasi, na shughuli hiyo inaitwa kontroli. Ni ukaguzi. Neno lilizaliwa ofisini, si barabarani. Lilikuwa “contre-rôle”, daftari la pili la kulinganishia na la kwanza ili karani asiibe. Kiingereza kilianzia hapohapo, kisha kikasogea kutoka kukagua hadi kushika hatamu, na leo “control” ni kudhibiti. Ripoti ya Kifaransa ikisema kundi fulani la wapiganaji linafanya “contrôle” ya njia, inawezekana kabisa wanakagua mizigo na kudai chochote. Ya Kiingereza ikisema lina “control” ya njia, njia imetekwa. Kati ya kukagua na kuteka kuna umbali unaoweza kubadilisha uamuzi wa anayesoma ripoti hiyo akiwa New York.

Na “éventuellement”. Neno hili linaweza kuumiza mkataba, kwa sababu ni la upole na halionekani. Kwa Kifaransa ni “huenda, ikibidi”. “Eventually” ya Kiingereza ni “hatimaye”. Mwajiri akiandika kwa Kifaransa kwamba nauli italipwa “éventuellement”, hajaahidi kitu. Ikitafsiriwa “eventually”, ameahidi, amechelewa tu. Neno la jamii hiyohiyo ni “actuellement”, ambalo ni “kwa sasa”, wakati “actually” ni “kwa kweli” au “kumbe”. “Librairie” ni duka la vitabu, “library” ni maktaba. Hili la mwisho halimwumizi mtu, na si kosa la kuchekwa sana: katika karne ya 16, mwandishi Mfaransa Montaigne aliita chumba chake cha kusomea “librairie”. Kifaransa ndicho kilichohama.

Mpaka hapa Kiswahili kimeamua vizuri. Kinaposhindwa, kinashindwa pamoja na Kifaransa, na aghalabu kwenye maneno yaleyale. “Historique” ni moja, “ya kihistoria” ni moja. Kiingereza kina “historic” na “historical”. La kwanza ni la jambo litakalokumbukwa, la pili ni la jambo lolote linalohusu yaliyopita. Hukumu ya 2022 inaweza kuitwa “historic”, lakini picha za wavuvi wa Wagenia kwenye maporomoko, zilizopigwa wakati wa Wabelgiji, ni “historical” tu. “Économique” nayo ni moja, Kiingereza kina “economic”, ya kiuchumi, na “economical”, isiyokula pesa. Jenereta isiyomaliza mafuta haraka ni “economical”. Mgogoro wa faranga ni “economic”. Mtu akiandika “an economical crisis” amesema, bila kukusudia, kwamba mgogoro umepatikana kwa bei nafuu.

Hapa Kiswahili kinasaidia kwa njia ya mzunguko. Hakina kivumishi kimoja cha “economical”, kwa hiyo kinalazimika kueleza: jenereta haili mafuta, mama huyu anajua kubana matumizi. Maelezo hayo ndiyo yanayoonyesha ni neno lipi litumike. Umeme wa bwawa la mto Tshopo ukikatika, ukarudi, ukakatika tena, Kiswahili kitasema unakatikakatika, na kurudiarudia huko ndiko Kiingereza kinakokuita “continual”. Ukikatika Jumatatu ukabaki hivyo mpaka Alhamisi bila kurudi hata dakika, hiyo ni “continuous”. Kunyambua na kurudufu vitenzi, ambako wageni wanaojifunza Kiswahili hukuogopa, kunabeba tofauti ambazo Kiingereza kimeziweka kwenye mikia ya vivumishi.

“Sensible” inastahili kukaa nayo kidogo. Kwa Kifaransa ni kinachohisi upesi: ngozi, mzani, mtu anayelia haraka, na pia taarifa isiyofaa kuonekana na kila mtu. Kwa Kiingereza “sensible” ni mwenye busara, na yule anayelia haraka ni “sensitive”. Taarifa nyeti kwa hiyo ni “sensitive”. Ukiiita “sensible” umeisifu kwamba ina akili. Mzizi huo umezaa pia “sensual”, ya anasa za mwili, nalo neno hilo lilichafuka kiasi kwamba mshairi John Milton, mwaka 1641, alitunga “sensuous” ili apate neno la hisi za mwili lisilonuka kitandani. Hakufanikiwa. Leo wengi wanatumia yote mawili kwa maana ya kitandani. Halafu katika mashirika ya misaada “sensitize” ikatumika kwa maana ya “sensibiliser” ya Kifaransa, na Afrika Mashariki nzima sasa ina semina za “sensitization”. Waingereza wa kawaida hawalitumii hivyo. Hakuna sababu ya kulionea haya. Ni matumizi ambayo eneo hili limeyazoea na yanaeleweka kuanzia Kampala hadi Kisangani.

Mkongo akidhani matatizo haya ni yake kwa kuwa hakuzaliwa na lugha hiyo, afungue kamusi ya matumizi ya Kiingereza ya H. W. Fowler, iliyotoka mwaka 1926 kwa ajili ya Waingereza wenyewe. Mle ndani kuna makala nzima ya jozi zinazonasa watu. Fowler alishikilia kwamba maneno mawili yenye maana moja ni upotevu, na kwamba lugha ikipewa muda huyagawia kazi. Alikuwa sahihi kuhusu “human” na “humane”, ambazo zilikuwa neno moja hadi karne ya 18, ndipo “human” ikabaki na ubinadamu wa kuzaliwa na “humane” ikachukua utu, huruma. Lakini si kila mgawo unaodaiwa kuwa wa asili ni wa asili. Walimu wakali wanasema “disinterested” ni asiye na maslahi na “uninterested” ni asiyejali, na ole wako ukichanganya. Katika karne ya 17 ilikuwa kinyume: “disinterested” ilitumika kwa asiyejali, na “uninterested” kwa asiyeegemea upande. Zilibadilishana viti. Kwa jaji anayesikiliza kesi ya Kisangani tofauti hiyo ni ya maana sana leo, kwa kuwa anatakiwa awe “disinterested” na haruhusiwi kuwa “uninterested”, lakini kanuni yenyewe ni ya juzi na inaweza kuhama tena.

Yupo mwandishi mmoja aliyepita Kisangani akiwa na Kifaransa kichwani na Kiingereza mkononi. Joseph Conrad, Mpolandi aliyezaliwa mwaka 1857, alizungumza Kifaransa tangu utotoni, akawa baharia Marseille, na akaanza kujifunza Kiingereza akiwa na miaka ishirini hivi. Septemba 1890 alifika Stanley Falls, kituo kilichokuja kuwa Stanleyville na tangu 1966 Kisangani, akiwa katika meli ndogo Roi des Belges. Maelekezo ya kazi katika kampuni ile ya Wabelgiji yalikuwa ya Kifaransa, lakini daftari alilobeba aliliandika kwa Kiingereza, na wachunguzi wake wameonyesha kwamba tahajia yake na sentensi zake zina alama za Kifaransa na Kipolandi. Miaka tisa baadaye safari hiyo ikazaa Heart of Darkness, kitabu ambacho Waafrika wengi, Chinua Achebe akiwa mbele yao, wamekishutumu kwa namna kinavyowaonyesha watu wa mto huo. Shutuma hizo zina uzito. Kuhusu lugha, rafiki yake Ford Madox Ford alisimulia mwaka 1924 kwamba Conrad alilalamika kuwa hakuna neno la Kiingereza lenye ukingo safi. Ukisema kwa Kifaransa kitu ni cha mwaloni, alidai, umetaja mti. Ukisema “oaken” kwa Kiingereza, umeingiza uimara, uaminifu na hata rangi ya nywele za mtu. Mlalamikaji huyo akawa mmoja wa waandishi wakubwa wa lugha hiyohiyo, na huenda ni kwa sababu kila neno alilipima kabla ya kuliamini.

Mfano mmoja wa The Hague unaonyesha kwamba hata majaji hupima. Tarehe 1 Julai 2000, majuma matatu baada ya mapigano ya Kisangani, Mahakama ilitoa amri ya muda katika kesi ya Kongo na Uganda, ikizitaka pande zote zijizuie na vitendo vya kijeshi vitakavyochochea mgogoro. Wakati huo haikuwa imewahi kuamuliwa kama amri za namna hiyo zinafunga au ni ushauri. Kiingereza cha kifungu cha 41 cha mkataba wa Mahakama kinasema hatua ambazo “ought to be taken”, inafaa zichukuliwe. Kifaransa kinasema “doivent être prises”, lazima zichukuliwe. Wanasheria walibishana juu ya jambo hilo kwa miongo mingi. Jibu lilikuja Juni 2001 katika kesi ya Ujerumani dhidi ya Marekani, kuhusu ndugu wawili wa familia ya LaGrand walionyimwa msaada wa ubalozi wao na kisha kuuawa na serikali ya jimbo la Arizona mwaka 1999: majaji walitazama lengo la mkataba mzima, wakaamua kwamba amri zinafunga. Mwaka 2005 waliikuta Uganda imekiuka ile ya Julai 2000.

Mbali na mahakama, Kiingereza kinazidi kuingia Tshopo, mkoa wa Kisangani, kwa njia za kawaida kabisa. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mkataba wa jumuiya hiyo wa 1999 unakitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi. Matangazo ya kazi ya mashirika yanataka lugha mbili. Kijana wa Mangobo au Kabondo, sehemu za mji wa Kisangani, anayejaza fomu atakutana na “personal” na “personnel” kwenye ukurasa mmoja. Kifaransa kina “personnel” kwa yote mawili, kwa hiyo kinamwacha. Kiswahili kinamwokoa: binafsi ni “personal”, wafanyakazi ni “personnel”. Kwa sikio, mkazo wa la kwanza uko mwanzoni na wa la pili uko mwishoni, na hilo la pili linatamkwa karibu sana na Kifaransa kwa sababu lilikopwa baadaye, likiwa bado na lafudhi ya kwao.

Fomu hiyohiyo inaweza kumuuliza atafanya nini kuinua “morale” ya wenzake. Hapa asikimbilie Kifaransa, maana lugha hizi mbili zimepishana kabisa. “Le moral” ya Kifaransa ni ari, moyo wa kazi. “La morale” ni maadili. Waingereza walipolikopa neno la ari waliongeza e mwishoni ili wasomaji wao waweke mkazo upande wa pili, na kwa kufanya hivyo wakaangukia tahajia ya neno lingine. Hivyo “morale” ya fomu ni ari, na anayetaka kuandika kwamba atawahubiria wenzake maadili atalazimika kutumia “morals”, kwa s.